Mustang au Moolaadé: ipi uwaoneshe mabinti kwanza?

Likizo ikikaribia, ujumbe huwa ni ule ule. Matroni wa bweni, mweka hazina wa kikoba, fundi cherehani mwenye wanafunzi wa kike: "Dada, tupe filamu moja ya mabinti waliokataa mila kandamizi, tuwaoneshe watoto." Moja tu, na haitajwi watoto wana umri gani wala nani mwingine atakuwa amekaa benchi la nyuma. Kazi iko hapo. Filamu itakayowafanya wasichana wa kidato cha tano mjini Tabora wabishane mpaka taa za bweni zizimwe inaweza kuvuruga kabisa mkutano wa akina mama wa Nzega waliokuja na waume zao.

Mimi siangalii tuzo kwanza. Naangalia nani, ndani ya hadithi, anamfungulia binti mlango. Kwenye Mustang ni dada wa damu, tena kitinda mimba. Kwenye Moolaadé ni mama wa nyumba ya pili, mke wa kati katika ndoa ya wake watatu. Difret inamleta mwanasheria kutoka mjini. Wadjda ni mama mzazi, ambaye naye anachelewa kuelewa. Ukishajua wasichana ulionao wana nani huko makwao, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Mustang: watano ndani ya nyumba moja

Deniz Gamze Ergüven aliitoa mwaka 2015. Inazungumzwa Kituruki na ina dakika 97. Ufaransa ndiyo iliyoipeleka Oscar, ikaingia kwenye tano bora za filamu za lugha ya kigeni. Sonay, Selma, Ece, Nur na Lale ni yatima wanaolelewa na bibi yao kijijini, pwani ya Bahari Nyeusi. Siku shule inafungwa wanapitia ufukweni na wavulana wa darasani, wanaingia majini na sare zao, wanapanda mabegani mwa wavulana na kuangushana. Wanapofika nyumbani, umbea wa jirani umeshawatangulia. Bibi anawaingiza chumbani mmoja mmoja, anawachapa. Wakitoka huko hasira zimewajaa: wanatoa viti nje na kuvichoma, kwa hoja kwamba ikiwa shingo za wavulana zimewatia doa, basi hata viti walivyokalia vina hatia. Wasichana wa hapa hucheka hadi machozi.

Kuanzia hapo simu na kompyuta vinafichwa, mabinti wanavalishwa magauni mapana ya rangi ya matope, na mashangazi wanaanza zamu za kufundisha kupika, kushona na kutandika. Lale, ambaye ndiye msimuliaji, anasema nyumba imegeuka kiwanda cha wake. Kuna safari moja ya kutoroka kwenda kutazama mechi ya mpira ambayo jukwaani wanaruhusiwa wanawake tu, na shangazi mmoja anaukata umeme wa kijiji kwa mawe ili wanaume wasiwaone mabinti hao kwenye runinga. Cheka hapo, maana baadaye hutapata nafasi.

Wanaozwa kwa zamu. Sonay anampata wa moyo wake kwa sababu ametishia kupiga mayowe mbele ya wageni. Selma anakabidhiwa mtu asiyemjua. Usiku wa harusi wakwe wanangoja mlangoni waoneshwe shuka, shuka halina damu, bibi harusi anapelekwa hospitali usiku huo huo akiwa na shela, akakaguliwe. Mwanamke yeyote aliyepita mikononi mwa kungwi anaacha kutafuna karanga hapo. Nimeona hivyo, na sijawahi kusikia mtu akitoa neno mpaka tukio lipite.

Halafu Ece. Mtoto wa kiume wa bibi, Erol, ndiye mkali wa nyumba, na usiku anaingia vyumba vya mabinti. Kamera haioneshi, inakuachia uelewe. Ece anajiua. Kwa hiyo sharti langu kwa Mustang ni moja na halina mjadala: mtu mzima aione kwanza peke yake, na siku ya kuonesha awepo mtu ambaye binti anaweza kumfuata pembeni. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto iandikwe ubaoni kabla filamu haijaanza, maana ukiisubiri imalizike ndipo uandike, kila mtu atageuka kumtazama anayeinakili. Dawati la jinsia na watoto la polisi nalo litajwe.

Kuna kitu kwenye filamu hii ambacho wengi hukipita haraka, nacho ni bibi. Anawapenda wale mabinti. Anawaoza mbio mbio kama mtu anayeokoa vyombo kwenye nyumba inayoungua, kwa sababu anajua kilichomo humo ndani na hana nguvu ya kukitoa. Ukiwa na wasichana wanaolelewa na bibi zao, na kule Sikonge na Kaliua wapo wengi ambao wazazi wako kwenye mashamba ya tumbaku, mjadala kuhusu bibi una thamani kuliko mjadala kuhusu Erol. Erol kila mtu anamchukia, hamna la kuongeza. Bibi ndiye anayegawa ukumbi.

Kasoro yake kwangu ni mwisho. Siku ya harusi ya Nur, yeye na Lale wanajifungia ndani, na zile nondo zilizowekwa madirishani ili wasitoke sasa zinawazuia watu wa bwana harusi wasiingie. Ni tukio la ajabu kwa uzuri wake. Kisha wanatoroka, kijana mwenye lori anawasaidia, wanapanda basi hadi Istanbul kwa mwalimu wao wa zamani. Filamu inaishia hapo, mlangoni kwa mwalimu. Msichana wa Tabora anajua kinachofuata mtu akitoroka nyumbani na kushuka stendi ya jiji kubwa: kazi za ndani kwa mama asiyemjua, mshahara wa ahadi. "Kwa mwalimu watakaa mpaka lini?" aliniuliza mmoja, na hakuwa anatania. Usipolichukua swali hilo, utakuwa umewafundisha njia ya stendi tu.

Moolaadé: kamba mlangoni

Ousmane Sembène wa Senegal aliitengeneza mwaka 2004, ikiwa filamu yake ya mwisho kabla hajafariki mwaka 2007. Aliipigia kijijini Djerrisso, Burkina Faso. Ina saa mbili na dakika kadhaa, na lugha yake kubwa ni Kibambara. Wasichana sita wanakimbia ukeketaji. Wawili wanapotelea upande wa mjini, na baadaye wanakutwa ndani ya kisima. Wanne wanakimbilia kwa Collé, ambaye miaka ya nyuma alikataa binti yake mwenyewe kukeketwa. Collé anachukua kamba ya nyuzi za rangi na kuifunga mlangoni mwa boma, chini kabisa, usawa wa magoti. Hiyo ni moolaadé, hifadhi. Mtu yeyote anaweza kuiruka bila kuinua sana mguu. Hakuna anayethubutu, maana iliwekwa na mababu, na ni Collé peke yake mwenye neno la kuiondoa.

Hapo ndipo filamu hizi mbili zinapoachana, na ndiyo maana nikiambiwa nichague moja kwa ukumbi wa watu mchanganyiko nachagua hii bila kusita. Kwenye Mustang wazee wana nondo, mabinti hawana kitu. Kwenye Moolaadé mwanamke anachukua mila kongwe na kuisimamisha mbele ya mila nyingine. Hajasema mila zote ni mbaya. Hajaleta sheria ya serikali wala mzungu wa shirika. Mzee wa Kinyamwezi aliyekuja akiwa amejiandaa kukasirika anabaki hana pa kushika, kwa sababu anayemsikiliza pale ni mtu anayeheshimu mambo ya wahenga kuliko yeye. Mama mmoja aliuliza, "Kamba tu hiyo, mbona hawairuki?" Baba aliyekuwa nyuma yake akamjibu, "Wewe ungeiruka?" Tukasimamisha filamu. Nusu saa ikaenda kwenye kamba hiyo, na wanaume ndio walioongea zaidi.

Faida ya pili ni umbali. Ukeketaji si mila ya Wanyamwezi. Baadhi ya waandaaji huniambia kwa sababu hiyo filamu haituhusu, wanataka ya ndoa za utotoni. Mimi naona kinyume chake. Mzazi anayetazama kosa la watu wengine hajikunyati. Anahukumu kwa sauti, anawacheka wale wazee wanaokusanya redio za wake zao na kuzichoma mbele ya msikiti zikiwa bado zinaimba, na akishahukumu ndipo jirani yake anapomuuliza kuhusu simu ya mkewe aliyomnyang'anya mwezi uliopita. Mjadala unarudi nyumbani kwa miguu yake.

Udada wa filamu hii pia ni wa aina ambayo wengi wetu tunaijua, uke wenza. Mke mkubwa, Hadjatou, anaweza kumwacha Collé aangamie peke yake, na angekuwa na sababu. Badala yake anasimama upande wake kimya kimya. Halafu mume, Ciré, mtu mpole kwa kweli, anachochewa na kaka yake mpaka anamchapa Collé mjeledi hadharani ili atamke neno la kuiondoa hifadhi. Wanawake wamegawanyika: hawa wanapiga kelele aseme, wale wanapiga kelele asiseme. Anayekamata mjeledi mwishowe ni muuza bidhaa wa kupita, Mercenaire, na usiku huo wanamfukuza kijijini na kumuua. Wakati wanakijiji wakishuhudia mjeledi, mama mmoja amemwiba binti yake kutoka ndani ya hifadhi na kumpeleka kwa visu. Mtoto anakufa. Kifo hicho ndicho kinachowageuza akina mama waliokuwa wanasema "aseme", na mwisho wao ndio wanaowanyang'anya mangariba visu na kuvitupa motoni.

Tahadhari nayo ipo. Kuna tukio la Collé na mumewe kitandani, anang'ata kidole mpaka kinatoka damu kwa maumivu ya jeraha la zamani. Kwa watoto wa shule ya msingi, hapana. Kwa akina mama, usilikate. Ndilo linaloeleza kwa nini alikataa.

Mwendo wake ni wa polepole. Watu wanasalimiana kwa kirefu, wanaketi, wanaanza upya. Kijana aliyezoea filamu za mapigano atatoka nje kuvuta hewa kwenye dakika ya ishirini. Mwache atoke, mjeledi utamrudisha.

Difret, na kwa nini isiwe ya kwanza

Hii ya Zeresenay Berhane Mehari (2014, Kiamhari, dakika 99) inatokana na kesi ya kweli ya mwaka 1996 nchini Ethiopia. Hirut ana miaka 14, anatoka shuleni, wanaume juu ya farasi wanamzingira na kumteka ili aolewe. Anabakwa, anapata nafasi, anachukua bunduki, anamuua mtekaji. Wazee wanakaa kikao chini ya mti, polisi nao wana lao, na Meaza Ashenafi anaingia kumtetea bure. Meaza ni mtu halisi, na mwaka 2018 alikuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho nchini mwake.

Igunga au Nzega hutahitaji kueleza utekaji huo ni nini. Watakutajia chagulaga wenyewe: vijana wanamzingira binti njiani, ametoka mnadani au ngomani, na hapiti mpaka amtaje mmoja wao. Wazee watasema ilikuwa njia ya kuchumbiana, binti alikuwa na hiari. Wasichana watauliza kama hiari hiyo ilikuwa pamoja na kukataa wote. Ukumbi unawaka papo hapo, na wanaume wanajifunga kama kobe kwa sababu filamu inawanyooshea kidole wao, si watu wa mbali. Kwa sababu hiyo naiweka baada ya Moolaadé, wiki nyingine, watu wakiwa wameshazoea kubishana bila kununiana.

Faida yake kubwa ni kwamba inazungumza sheria, na hapa kuna ya kuzungumza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionesha kuwa mkoani Tabora asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18, nyuma kidogo tu ya Shinyanga yenye 59. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga akashinda mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaupa ushindi huo nguvu. Halafu kuna marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016: anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwalike msaidizi wa kisheria wa kata akae na watu, na umwombe aongee baada ya filamu, si kabla. Akitangulia yeye, watu watatazama filamu kama watu walio kwenye semina, wanangoja posho.

Jambo moja zaidi kuhusu Difret, kwa wasichana wakubwa. Onesho la kwanza Addis Ababa lilisimamishwa kwa amri ya mahakama, kwa sababu Aberash Bekele, ambaye maisha yake ndiyo yaliyochezwa, alilalamika kwamba hakushirikishwa. Filamu ya kutetea ridhaa ya msichana, na mwenye kisa hakuombwa ridhaa. Kidato cha tano na cha sita wanaweza kubishana juu ya hilo siku nzima.

Wadjda kwa wadogo

Ukiwa na watoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu, usihangaike. Wadjda ya Haifaa al-Mansour (2012), iliyopigwa yote ndani ya Saudi Arabia, ni ya binti anayetaka baiskeli ya riyali 800 katika mji ambao msichana hapandi baiskeli. Anajiandikisha kwenye mashindano ya kuhifadhi Kurani ili apate pesa ya kuinunua. Hakuna kifo. Kuna karatasi yenye mti wa ukoo ukutani, majina ya wanaume tu. Wadjda anabandika jina lake kwa pini, na siku inayofuata limebanduliwa. Mtoto wa darasa la tano anaelewa bila mtafsiri.

Watoto wa Tabora watashangaa kidogo: baiskeli tu? Hapa mwanafunzi wa kike anayekaa mbali na shule ya kata, baiskeli ndiyo inayomfikisha. Mshangao huo mzuri, wape nafasi waulize kipi hapa kwetu mtoto wa Riyadh angeshangaa tunakatazwa.

Lugha, sauti, umeme

Hizo zote zina maandishi ya chini kwa Kiingereza, na maandishi hayo yanakimbia. Walioweza kuyafuata bwenini ni wachache kuliko wanaosema wanaweza. Dawa yake ni ile ile tuliyokulia nayo kwenye vibanda umiza, mtu mmoja anatafsiri juu ya picha. Chagua shangazi mwenye sauti, aione filamu kwanza, na akatazwe kabisa kuongeza vichekesho vyake kwenye tukio la Selma hospitalini. Moolaadé ni rahisi kutafsiri kwa sababu watu wanaongea kwa zamu. Mustang ni ngumu, mabinti watano wanaropoka kwa pamoja.

Anayetaka Kiswahili moja kwa moja atafute Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin anamkimbia mume aliyeozwa, na Mwajuma, rafiki wa ng'ambo ya kabila na tabaka, anampokea. Udada huo wa Mwajuma ndio ninaoutafuta siku zote kwenye filamu hizi, msichana kumpokea msichana bila undugu wa damu. Ila kamera inavutwa zaidi na mapenzi ya Yasmin na Denge na harakati za siasa, na waliosoma kitabu watalalamika kwamba Mwajuma amepewa nafasi ndogo. Nami nipo upande wao. Kwa wasichana wa A-level ni nzuri kabisa, kwa kikoba naiacha.

Kama una Jumamosi tatu na watu mchanganyiko: Moolaadé, kisha Difret na msaidizi wa kisheria, na ya tatu wanaume wabaki nyumbani uweke Mustang kwa mabinti wakubwa na mama zao wadogo. Kama una moja tu, Moolaadé, na uanze saa nane mchana, kwa sababu kwa kusimama na kutafsiri saa mbili zitakuwa tatu na nusu, na mabinti wa mbali wanatakiwa kufika kwao kabla ya giza. LUKU ijazwe mapema. Kama ni ukumbi wa wazi unaokaribisha mtaa mzima, mwone kwanza afisa utamaduni wa halmashauri, maana maonesho ya hadhara yana kibali chake, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa yeye mwenyewe na si mkewe.